Visukuku ni vya nani? Safari za kuokota mawe katika pwani ya Dorset

Katika kijiji cha Charmouth, kusini mwa Uingereza, watu ishirini au thelathini hukusanyika ufukweni asubuhi za miezi ya baridi wakiwa wamevaa viatu vya mpira na makoti mazito. Wamo wazee, wamo wanafunzi, wamo wazazi walioshikana mikono na watoto wao. Mwongozaji huwaeleza maji yanapwa saa ngapi na yatarudi saa ngapi, huwaonyesha mahali pasipofaa kukaribiwa, kisha kundi zima huanza kutembea polepole, macho chini. Baada ya saa mbili au tatu wanarudi, na karibu kila mmoja ana kisukuku mfukoni, yaani mabaki ya kiumbe wa kale yaliyogeuka kuwa jiwe: kipande cha amonaiti, kiumbe wa baharini mwenye gamba aliyekwisha kutoweka, kilichojiviringa kama pembe ya kondoo dume, jiwe refu lenye ncha linalofanana na risasi, pengine hata pingili ya uti wa mgongo wa mnyama wa baharini aliyekufa zaidi ya miaka milioni 190 iliyopita. Wanakwenda navyo nyumbani bila kuomba kibali na bila kulipia walichookota.

Jambo hilo humshangaza yeyote anayejua hadhi ya pwani yenyewe. Ukanda wa kilomita zipatazo 155, kuanzia Exmouth katika Devon hadi karibu na Studland katika Dorset, uliandikishwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2001, kwa sababu majabali yake yanaonyesha kwa mfululizo takriban miaka milioni 185 ya historia ya dunia. Kilwa Kisiwani na Mji Mkongwe wa Zanzibar vimo katika orodha hiyohiyo, na hakuna mgeni mwenye akili timamu anayetarajia kuondoka huko na jiwe la ukuta ndani ya mkoba. Iweje basi Dorset urithi wa wanadamu wote uokotwe na kila apitaye? Wapo wanaodhani kwamba ni uzembe, na wapo wanaodhani kwamba visukuku huko ni vingi mno hata havina thamani. Sababu hasa ni bahari, na ili kuielewa inabidi tuanze na namna majabali hayo yanavyoanguka.

Kati ya mji wa Lyme Regis na Charmouth, sehemu ya chini ya jabali imejengwa kwa matabaka yanayopishana ya mawe ya chokaa na udongo uliogandamana, ya kijivu yenye weusi na buluu. Matabaka hayo yalilala chini ya bahari yenye joto mwanzoni mwa kipindi cha Jura, kilichoanza miaka ipatayo milioni 201 iliyopita. Juu yake yapo matabaka mengine ya udongo mweusi, na mojawapo wachimba mawe wa zamani waliliita kwa jina la nyama ya ng'ombe, kwa kuwa mishipa ya madini ya kalisaiti iliyomo ndani yake ina nyuzinyuzi kama mnofu uliokatwa. Tope la sakafu ya bahari hiyo lilikuwa laini na mahali pengine halikuwa na hewa ya kutosha, hivyo kiumbe aliyezama humo hakuliwa wala hakuoza haraka. Alifunikwa, akagandamizwa, na madini yakachukua nafasi ya mwili wake polepole.

Juu kabisa ya jabali mambo hubadilika. Huko kuna mchanga na mawe ya mchanga ya kipindi cha baadaye sana, cha takriban miaka milioni 100 iliyopita, yaliyolala juu ya udongo wa zamani kama kofia isiyokaa sawasawa kichwani. Mvua inaponyesha, maji hupita kwa urahisi katika mchanga, lakini yakifika kwenye udongo hukwama. Mpaka ule kati ya mchanga na udongo huloa, huteleza, na mzigo wote ulio juu huanza kushuka kuelekea baharini. Wakati mwingine hushuka pole kama uji mzito kwa miezi kadhaa. Wakati mwingine huanguka kwa kishindo. Tarehe 6 Mei 2008, kipande cha urefu wa mita zipatazo 400 kiliporomoka kati ya Lyme Regis na Charmouth na kumwaga ufukweni udongo, miti, takataka za dampo la zamani na, bila shaka, visukuku.

Hapo ndipo bahari inapoingia, na kazi yake ina pande mbili ambazo haziwezi kutenganishwa. Mawimbi huosha tope lililoanguka na kuacha vitu vizito: vinundu vya chokaa, vipande vya mifupa, amonaiti ndogo zinazong'aa kama shaba. Bila mawimbi hayo, kisukuku kingebaki kimefichika ndani ya tope na mtu asingekiona. Lakini maji yaleyale yaliyokiosha leo yataendelea kukipiga kesho na keshokutwa, yakikibamiza kwenye kokoto, hadi kigeuke kuwa kokoto nacho, na hatimaye mchanga. Kwa hiyo kisukuku kilicholala ufukweni kimo katika muda mfupi sana wa maisha yake marefu. Kimengoja mamilioni ya miaka ndani ya mwamba, na sasa kina wiki chache, pengine siku chache, kabla ya kusagika.

Ukishalielewa hilo, swali la Kilwa linapata jibu. Ukuta wa Kilwa usipobomolewa na wageni hudumu zaidi. Kuuacha ndiko kuulinda. Kisukuku kilichokwisha kuanguka Charmouth kikiachwa bila kuguswa kitapotea kabisa, na kukiacha ndiko kukiharibu. Hata mmomonyoko wenyewe hauzuiwi katika sehemu kubwa ya pwani hii, kwa maana ukijenga ukuta wa saruji mbele ya jabali ili lisianguke, umefunga vilevile mlango unaoleta visukuku vipya na kuficha matabaka yaliyoipa pwani hadhi yake. Katika eneo hili, linalohifadhiwa ni mwendo wa kuanguka na kufichuka kama vile mwamba wenyewe unavyohifadhiwa. Wazo hili ni gumu kidogo kumeza, nami naliona ndilo fundo la mambo yote yanayofuata.

Waokotaji walilijua hilo kabla ya sheria. Mary Anning alizaliwa Lyme Regis mwaka 1799, binti wa seremala aliyekuwa akiuza visukuku kwa wageni ili kuongeza kipato. Baba huyo alifariki mwaka 1810 na kuiacha familia na madeni. Mwaka uliofuata kaka yake Mary, Joseph, aliona fuvu kubwa jabalini, na Mary, akiwa na umri wa miaka 12 hivi, akapata sehemu kubwa ya mwili wake: mnyama wa urefu wa zaidi ya mita 5 ambaye baadaye wataalamu walimwita ikthiosauri, mtambaazi wa baharini. Mwaka 1823 alipata kiunzi kamili cha plesiosauri, mnyama mwenye shingo ndefu kiasi kwamba Georges Cuvier, bingwa wa anatomia kule Paris, alishuku kwanza kwamba ni bandia kabla ya kukubali kwamba ni wa kweli. Mwaka 1828 akapata terosauri, mtambaazi arukaye, wa kwanza kujulikana nje ya Ujerumani.

Anning alikwenda ufukweni baada ya dhoruba, wakati wa baridi, kwa sababu huo ndio wakati jabali linaanguka, na aliwahi kabla mawimbi hayajamaliza kazi yake. Mwaka 1833 mporomoko uliomkosa yeye kwa hatua chache ulimfukia mbwa wake, Tray, aliyekuwa amezoea kuandamana naye. Wanazuoni kama William Buckland na Henry De la Beche walitembea naye katika fukwe hizohizo na kujifunza kwake mahali pa kutazama. Kwa namna fulani hizo ndizo safari za makundi za mwanzo, isipokuwa mwongozaji hakuruhusiwa kujiunga na Chama cha Jiolojia cha London kwa kuwa alikuwa mwanamke. Rafiki yake Elizabeth Philpot alichukua wino uliokauka ndani ya vifuko vya belemnaiti, jamaa wa kale wa ngisi, akaulowesha kwa maji na kuuchorea picha za visukuku. Nafikiria mara nyingi wino huo: mnyama aliyeuweka tayari kwa ajili ya adui, na badala yake ukaja kuchora fuvu la aliyekuwa akiwinda katika bahari ileile.

Anning aliviuza alivyovipata, na hapo ndipo kuna ugomvi ambao haujaisha. Kisukuku kilichookotwa na mtu binafsi chaweza kuishia sebuleni kwake, au kuuzwa nchi za mbali, na mwanasayansi asikione kamwe. Vilevile kisukuku kilichoanguka kimepoteza sehemu ya ushahidi wake: hatujui kwa hakika kilitoka tabaka lipi, na tabaka ndilo linalosema umri. Mtaalamu anayelalamika kuhusu mambo haya hasemi uongo. Hata hivyo wataalamu walioajiriwa ni wachache, na jabali halingoji ratiba ya chuo kikuu. Dhoruba ya usiku wa Jumamosi humwaga visukuku Jumapili asubuhi, na wanaofika kwanza ni wenyeji na wageni waliokuja na watoto wao.

Kanuni za uokotaji zilizotungwa kwa ajili ya pwani ya magharibi ya Dorset, kuanzia upande wa Lyme Regis kuelekea Burton Bradstock, zilijaribu kupatanisha pande hizo. Misingi yake si mingi. Kilichokwisha kuanguka na kulala ufukweni kinaweza kuokotwa, na mwokotaji akifuata kanuni, mwenye ardhi hadai umiliki wake. Kilichobaki ndani ya jabali hakichimbwi bila ruhusa ya mwenye ardhi, ambaye katika sehemu kadhaa ni National Trust, shirika la hisani linalotunza ardhi na majengo ya urithi. Kisha visukuku vyenye umuhimu wa kisayansi vimegawanywa katika madaraja mawili. Daraja la kwanza ni vile vya aina mpya, vilivyo nadra sana au vilivyohifadhika kwa namna ya pekee; la pili ni vile vyenye umuhimu fulani ingawa si wa kiwango hicho. Aliyepata kitu cha madaraja hayo huombwa akiandikishe katika kituo cha Charmouth, na akitaka kuuza kisukuku cha daraja la kwanza, anatakiwa kuvipa nafasi vyumba vya makumbusho kwanza kwa muda wa miezi sita. Mwokotaji anabaki na mali, na sayansi inabaki na habari. Si mapatano makamilifu, lakini nikiyapima na njia nyingine mbili, yaani kupiga marufuku na kuiachia bahari, au kuruhusu kila kitu bila kuandika chochote, nayaona ndiyo yenye busara.

Mfano mzuri ulitokea mashariki zaidi, karibu na ghuba ya Kimmeridge, mwaka 2022. Mtu mmoja mpenda visukuku alikuwa akitembea ufukweni akaona ncha ya pua ya mnyama mkubwa, yenye meno, imelala kati ya mawe. Angeweza kuificha na kunyamaza. Badala yake alimtafuta Steve Etches, fundi bomba aliyetumia miongo mingi kukusanya visukuku vya eneo hilo na ambaye mkusanyiko wake ulifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2016. Kwa kutumia droni walitazama uso wa jabali na kuona mahali pua ile ilipotokea, juu kabisa ya vichwa vyao. Watu walining'inia kwa kamba, wakachimba kwa wiki kadhaa, wakashusha fuvu la pliosauri, mtambaazi mkubwa wa baharini, lenye urefu wa takriban mita 2 na meno 130. Tazama jinsi misingi ileile miwili ilivyofanya kazi pamoja: pua iliyoanguka iliokotwa mara moja, lakini fuvu lililobaki jabalini liliachwa mpaka wakaja wenye ujuzi na vifaa.

Sasa nirudi kwenye kundi letu la Charmouth, kwa sababu mtu anaweza kuuliza: kama uokotaji ni huru, kwa nini watu waende kwa makundi na wamlipe mwongozaji? Jibu la kwanza ni jicho. Mgeni anapofika ufukweni huona mawe tu. Huinua kila linalong'aa, huvutiwa na rangi, hutupa. Mwongozaji huwaita wote wakae karibu, huchota kiganja cha changarawe kutoka mahali mawimbi yalipopangilia mawe madogo yenye uzito sawa, na kuanza kuyatawanya kwa kidole. Hilo, si kitu. Hilo, si kitu. Hili hapa: kiduara kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, cheusi chenye mng'ao wa dhahabu iliyofifia, na kando yake mistari myembamba inayokwenda kutoka ukingoni hadi katikati. Ni amonaiti, na mng'ao wake ni wa pairaiti, madini ya chuma na salfa. Mtoto aliyesimama mbele huitazama kwa sekunde kumi, huinama miguuni pake mwenyewe, na kuokota nyingine. Alikuwa ameisimamia muda wote ule. Maelezo ya kitabuni hayatoshi kwa jambo hili. Jicho linafunzwa na jicho lingine, mahali palepale, kwa kuonyeshwa na kukosea na kuonyeshwa tena.

Huku kujifunza kuna hatua zake. Kwanza mtu huzoea belemnaiti, zile risasi za mawe, kwa kuwa umbo lake halina mfano katika kokoto za kawaida. Halafu huja chaza wa kale waliojikunja, ambao Waingereza waliwaita kucha za shetani. Kisha vipande vya krinoidi, viumbe wa jamii ya kiti cha pweza waliosimama kwenye mashina kama maua, ambao pingili za mashina yao zina umbo la nyota yenye ncha tano. Mifupa huja mwisho, kwa sababu mfupa wa kisukuku ufukweni ni mweusi na hauna sura ya mfupa hata kidogo. Kinachoutambulisha ni vitundu vidogovidogo vya ndani, kama mkate ulioumuka, na hivyo havionekani mpaka mtu amefundishwa kuvitafuta.

Jibu la pili ni maji. Sisi tuliokulia pwani ya Afrika Mashariki tuna maneno ambayo yangewafaa sana waongozaji wa Dorset. Tunajua bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapopwa mbali sana na kujaa juu sana. Tunajua maji mafu, siku za kati, tofauti inapokuwa ndogo. Mwokotaji hupenda bamvua kwa kuwa ufuko hufunuka, lakini bamvua hiyohiyo ndiyo yenye hatari, maana maji yake yakirudi hufika hadi kwenye shina la jabali kati ya Lyme Regis na Charmouth, na aliye katikati hukosa njia mbele na nyuma. Kinachobaki mgongoni mwake ni jabali linaloporomoka. Kwa hiyo safari huanza maji yakiwa yanapwa, kamwe si yanapojaa, na mwongozaji hulijua jedwali la maji la siku hiyo kama anavyojua jina lake. Kundi lina saa moja ya kurudi, nayo haijadiliwi hata kama mtu ameanza kuona mbavu za ikthiosauri.

Jibu la tatu ni jabali lenyewe. Mwezi Julai 2012, mwanamke wa miaka 22 alifariki huko Burton Bradstock alipofukiwa na mwamba ulioanguka juu ya ufuko ambao watu walikuwa wakiutembelea kwa likizo. Hakukuwa na onyo ambalo mtu wa kawaida angeweza kulisoma. Wageni wengi huamini kwamba visukuku bora viko chini kabisa ya jabali, na huenda huko na nyundo. Ukweli ni kinyume: ufukweni, mahali maji yalipokwisha kuchambua, ndipo penye mavuno, na ndipo penye usalama zaidi. Tope lililotiririka nalo lina mtego wake. Juu hukauka na kuonekana gumu, ndani ni laini. Mtu hukanyaga, huzama hadi magotini au kiunoni, na kadiri anavyojinasua ndivyo anavyozidi kushikwa. Maji yakiwa yanajaa wakati huo, waokoaji hulazimika kushindana na saa.

Kuhusu nyundo, waongozaji wengi wana msimamo mmoja: mgeni wa siku ya kwanza haihitaji. Vinundu vya chokaa hupasuka vizuri vikipigwa na mtu anayejua kinundu kipi kina kitu ndani na upande gani upigwe. Vikipigwa ovyo hutoa vibanzi vinavyoweza kupofua jicho, na mara nyingi huigawa amonaiti vipande vitatu. Inatakiwa nyundo maalumu ya mawe, kwa maana chuma cha nyundo ya seremala chaweza kumeguka na kuruka, na miwani ya kinga ni ya lazima. Nimeona mtu akimaliza asubuhi nzima akipiga mawe matupu, huku bibi mmoja aliyekaa juu ya kokoto hatua chache kutoka kwake, bila nyundo, amejaza kikopo chake amonaiti ndogo kwa kutazama tu.

Safari haiishii ufukweni, na hili wengi hawaambiwi. Amonaiti ya pairaiti iliyong'aa ikiwa na maji ya bahari inaweza kuanza kujila yenyewe ikifika kabatini. Hewa yenye unyevu huichokoza pairaiti, salfa iliyomo hugeuka kuwa tindikali, na baada ya miezi au miaka mwenye nayo hukuta unga wa kijivu wenye rangi ya manjano na harufu kali mahali palipokuwa na kisukuku. Inafaa kuiloweka katika maji baridi ili kuondoa chumvi, kuikausha kabisa, kisha kuiweka mahali pakavu ndani ya chombo kilichofungwa. Wengine huipaka nta au vanishi. Karatasi ndogo yenye tarehe na jina la mahali ilipookotwa iwekwe pamoja nayo. Bila karatasi hiyo, kisukuku ni pambo tu. Ikiwepo, hata baada ya miaka hamsini mtaalamu anaweza kukitumia.

Uhuru huu una mipaka, na haufanani kutoka ufuko hadi ufuko. Magharibi ya Lyme Regis, katika ufuko wa Monmouth, kuna sakafu ya chokaa iliyojaa amonaiti kubwa, nyingine pana kuliko sinia. Zimo ndani ya mwamba mgumu, bahari haitazimaliza upesi, kwa hiyo hairuhusiwi kuzigonga wala kuzing'oa. Huko Chesil, ukingo wa kokoto wa urefu wa kilomita zipatazo 29, hata kokoto ya kawaida haiondolewi. Kokoto za Chesil zimepangwa kwa ukubwa, ndogo kama punje upande wa magharibi na kubwa kama ngumi upande wa Portland, na husimuliwa kwamba wavuvi waliofika nchi kavu usiku waliweza kujua walipo kwa kuzipapasa. Ukingo huo ndio unaovunja nguvu za mawimbi yasifike kwenye makazi yaliyo nyuma yake, na kila mgeni akichukua moja tu, ukingo hupungua. Tofauti na visukuku vya Charmouth, kokoto za Chesil zikiachwa hubaki na kufanya kazi. Kigezo ni kilekile: je, kitu hiki kikiachwa kitadumu au kitaangamia?

Kigezo hicho kikivushwa bahari bila uangalifu chaweza kuleta madhara, na hapa naomba msomaji wa Tanzania au Kenya asikilize kwa makini. Mawe ya matumbawe yaliyojenga Mji Mkongwe na ngome ya Mombasa ni miamba iliyokuwa hai baharini zamani, na anayetazama kwa karibu kuta za zamani huona bado nyota za matumbawe na maganda ya konokono. Tuna visukuku pwani, na bara tunavyo vyenye sifa duniani kote. Lakini sheria zetu zilishika njia nyingine. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na Kenya ina sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006. Kwa mujibu wa zote mbili, kutafuta na kuchimba mabaki ya kale kunahitaji leseni, na kuyatoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Kufanya hapa kama wanavyofanya Charmouth kunaweza kumfikisha mtu mahakamani.

Ukali huo hauwezi kusomwa bila kukumbuka Tendaguru. Kati ya mwaka 1909 na 1913, katika kilima kilicho bara ya Lindi, Wajerumani waliendesha uchimbaji mkubwa wa mifupa ya dinosaria, na kazi ya koleo na ya mabega ilikuwa ya watu wa huku. Boheti bin Amrani, msimamizi mkuu wa wachimbaji, alikuwa na ujuzi wa kuitambua na kuiandaa mifupa ambao wataalamu wa Ulaya waliutegemea. Wapagazi waliibeba mizigo kwa siku kadhaa hadi bandarini Lindi, na jumla yake inakadiriwa kuwa zaidi ya tani 200. Leo kiunzi cha urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu kimesimama Berlin. Dorset kuna kituo kijijini, kitabu cha kuandikishia na makumbusho kila baada ya maili chache, ndiyo maana mwokotaji anaweza kuaminiwa. Nchi iliyokwisha kuona tani mia mbili zikiondoka ina haki ya kuanza na kibali kwanza. Mimi ningependa kuona siku moja wanafunzi wa Lindi wakitembea pwani yao na mwongozaji anayetoka makumbusho, wakiona, wakipiga picha, wakiandika mahali, na kuacha kilichoonekana mikononi mwa wanaohusika. Hilo linawezekana bila kuibadili sheria hata nukta.

Kule Charmouth, maji yanapoanza kurudi, kundi hupanda kutoka ufukweni na kusimama kuzunguka meza. Kila mtu humwaga alichookota. Mwongozaji hupitia vitu kimoja kimoja kwa upole, na sehemu kubwa ya kazi yake wakati huo ni kuwaambia watu kwamba kitu wanachokipenda ni kipande cha chuma kilichopata kutu, au jiwe la kawaida lenye umbo zuri. Amonaiti hutajwa majina. Belemnaiti huhesabiwa. Halafu, mara chache sana, mkono wake husimama juu ya kipande fulani cheusi, hukigeuza kwenye mwanga, hukilamba kidogo kwa ncha ya ulimi ili aone vitundu vyake vizuri, na kumwuliza mwenye nacho alikiokotea wapi hasa, upande gani wa mto, umbali gani kutoka kwenye tope. Kisha huenda kuchukua kitabu.